Kilichovunjika na Kilichovunja

Wapenzi wa magari watakuambia kwamba matairi ya nyuma yakianza kuruka wakati wa kuondoka, utayasikia kwenye meno. Ni kweli. Mimi niliyasikia kwenye meno Jumamosi moja usiku, mwezi wa nane, ndani ya Toyota Altezza ambayo haikuwa yangu.

Ilikuwa ya kaka yangu. Aliinunua akiwa bado anafanya kazi Mombasa Road, akaipenda kuliko watu wengi ninaowajua, halafu akapata kazi ya kuendesha malori Qatar. Siku ya kuondoka aliniachia ufunguo na masharti mawili: niwashe injini kila Jumapili, na nisivuke petroli stesheni ya mtaa. Sharti la kwanza nililitimiza bila kukosa.

Kwa wasioijua, Altezza ya RS200 ina injini ya lita 2, gia sita za mkono, na nguvu zote zinaenda matairi ya nyuma. Yenye gia za mkono ilitoka kiwandani na farasi 210, lakini farasi hao wanaishi juu kabisa, karibu na mizunguko 7,600 kwa dakika. Chini huko gari limelala. Ukitaka liondoke kwa fujo, lazima ukanyage mafuta hadi injini ilie, kisha uachie klachi ghafla. Nilikuwa nimetazama video za kutosha kujua hivyo. Sikuwa nimewahi kufanya.

Usiku huo tulikuwa kama watu arobaini kwenye yadi ya godauni moja Athi River. Mwenye yadi alikuwa amelipwa, koni zimepangwa, na kila msee mwenye ndae alikuwa anapata zamu yake. Kulikuwa na Subaru nyingi, Mark X kadhaa, na Golf moja ambayo mwenyewe hakuacha kuiongelea. Zamu yangu ilipofika niliipandisha hadi 6,000, nikaachia klachi.

Nilitarajia moshi. Nilichopata ni kelele kama mtu anayepiga bati kwa nyundo mbili: du-du-du-du-du. Kiti kilitetemeka, kioo cha kati kikageuka chenyewe, na sehemu yote ya nyuma ikawa inadunda kana kwamba ninapita juu ya matuta ambayo hayapo. Mtu mwenye akili huachia mafuta hapo hapo. Mimi nilikuwa na watu arobaini wakinitazama, nikakanyaga zaidi. Nikasikia kishindo kimoja kikavu, halafu injini ikalia bure. Gari halikuwa linaenda popote.

Shafti ya nyuma kushoto ilikuwa imekatika. Difu nayo ilikuwa inatoa sauti ya kusaga mawe.

*

Wacha nieleze kinachofanyika, kwa sababu wakati ule nilidhani najua. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasomea uhandisi wa mitambo, na tulikuwa tumefundishwa mtetemo: uzito, springi, na kitu cha kupunguza mdundo. Hesabu zake nilizipita.

Tairi si jiwe. Nguvu ikija ghafla, ubavu wake unajipinda kabla ya kuanza kuvuta. Wakati huo huo gurudumu linasukuma mbele mikono ya chuma inayolishikilia, na kila mkono umefungwa kwenye gari kwa bushi, yaani silinda ndogo ya chuma yenye mpira ndani. Mpira huo unabanwa. Difu nayo imekaa kwenye mipira yake, inainua pua. Shafti inajisokota kidogo. Kwa sekunde ndogo sana sehemu yote ya nyuma inakuwa manati iliyovutwa.

Kisha tairi linashindwa kushika lami, linateleza. Manati inaachiliwa. Kila kilichobanwa kinarudi kwa kasi, kinapitiliza, na katika kurudi huko tairi linashika lami tena. Manati inavutwa upya. Hivyo hivyo mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Unakumbuka mwalimu wa hesabu akichora mstari wa nukta ubaoni bila kuinua mkono? Aliishika chaki ikiwa imeinama, akaisukuma, na yenyewe ikawa inaruka ta-ta-ta-ta. Ni jambo lile lile. Chaki inashika, inateleza, inashika. Kila mtu aliyepanda pikapu kwenye mlima wa murram uliolowa pia analijua: dereva anakanyaga, nyuma inadunda, abiria wanashikana, na mtu mmoja anapiga kelele "shuka tusukume!"

Hatari haiko kwenye kuteleza. Tairi likiteleza tu, unapoteza mpira na utapata moshi wa kupigia picha. Hatari iko pale linaposhika tena. Gurudumu lililokuwa linazunguka kwa kasi linasimamishwa ghafla na lami, huku injini na gurudumu lake zito la ndani bado vinasukuma. Shafti ndiyo iko katikati. Mara ya kwanza itavumilia. Mara ya kumi, kwa gari la miaka ishirini, ni bahati nasibu.

*

Sasa nifike pale ambapo sijivunii.

Kaka ndiye aliyekuwa ananilipia karo. Wiki mbili baada ya ile Jumamosi alituma pesa za muhula, shilingi 64,000, na ujumbe mfupi: "Karo hiyo. Soma." Alikuwa pia ameniambia atakuja likizo Desemba.

Gari lilikuwa limefunikwa kwa turubai nyuma ya nyumba. Mathe aliuliza mara moja, nikamwambia betri. Nilikaa na zile pesa kwenye simu siku tatu. Siku ya nne nikaenda kwa fundi mmoja niliyeelekezwa na rafiki, kijana mwenye garage safi na ukurasa mzuri wa Instagram. Shafti ya mtumba kutoka Japani, difu ya mtumba, mafuta ya difu na kazi ya mikono: 52,000. Nikalipa.

Mpango wangu ulikuwa kutafuta hizo pesa kabla ya mitihani. Niliandika makala za watu mtandaoni, nikauza simu yangu nzuri, nikakopa kwenye zile programu zinazokupigia mpaka shangazi yako. Wiki ya mitihani ilipofika nilikuwa na 21,000, na bila kumaliza karo hupewi kadi ya mtihani. Niliwaona wenzangu wakiingia ukumbini na kalamu zao. Nikageuka, nikarudi mtaani kwa miguu ili nisifike mapema Mathe akashangaa.

Lakini gari lilikuwa zima. Hilo ndilo nililojiambia.

Siku chache baadaye mvua ilinyesha. Nilikuwa nimetoka nalo hadi barabara kuu, taa zikawa kijani, nikaondoka kwa haraka kidogo tu, si ya mashindano. Du-du-du. Niliachia mafuta kama mtu aliyegusa jiko. Nikaegesha kando na kukaa pale dakika kumi nzima, wipa zikifanya kazi, nikihesabu: muhula mmoja, simu moja, mikopo mitatu, na ugonjwa bado uko.

*

Mtu wa kunitoa pale alikuwa mzee mmoja wa Kirinyaga Road, ile ambayo kila mtu bado anaita Grogan. Garage yake haina ukurasa. Ina shimo la kuingilia chini ya gari, presi ya kusukumia bushi, na benchi lenye vyombo vya grisi. Nilimweleza kila kitu nikitumia maneno ya darasani. Alisikiliza, akafuta mikono, akaniuliza:

"Ulibadilisha nini?"

"Shafti na difu, Mzee."

"Kwa hivyo ulinunua kilichovunjika. Kilichovunja ukakiacha."

Sikuwa na jibu.

Alinifanya nishuke naye shimoni. Kwanza alimweka kijana wake kwenye usukani, hendibreki juu, gia ya kwanza, akamwambia aachie klachi kidogo kidogo tu mpaka gari litake kuondoka. "Wewe angalia difu." Nikaangalia. Pua ya difu ilipanda kama mtu anayeamka kitandani. Ilipaswa kusogea kidogo sana. Mpira wake wa mbele ulikuwa umepasuka mduara mzima, na yule fundi wa kwanza alikuwa amefunga difu mpya kwenye mpira huo huo wa zamani.

Kisha akachukua mtaimbo, akauweka kati ya mkono mmoja na bodi, akasukuma. Chuma kilisogea, mpira ukafunguka mdomo. Mkono wa pili, hivyo hivyo. Mbaya kuliko yote ilikuwa ile ya mkono mwembamba unaolinda mwelekeo wa gurudumu. "Huyu ndiye anaambia tairi liangalie mbele," alisema. "Akilegea, ukikanyaga mafuta tairi linageuka kidogo, ukiachia linarudi. Sasa litashikaje barabara?"

Tulipanda juu. Alibonyeza buti kwa uzito wake wote na kuachia. Gari lilipanda, likashuka, likapanda, likashuka tena. "Shoki nzuri inarudi mara moja na kunyamaza. Hii inacheza chakacha." Shoki ya kulia ilikuwa imevuja mafuta hadi chini. Hapo hata hesabu yangu ya mtetemo ilianza kuniaibisha. Nilikuwa nimeandika mara mia kwenye karatasi kwamba bila kitu cha kumeza nguvu, mdundo hauishi. Sikuwa nimewahi kubonyeza buti la gari hata siku moja.

Akaangalia matairi. Kwenye ubavu wa tairi kuna nambari nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka lililotengenezwa. Ya kwetu yalisomeka 2312, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2012. Kashata nzuri, mpira mgumu kama kisigino cha kiatu. Mpira mgumu unateleza na kushika kwa vishindo, hauna ule ulaini wa katikati.

Mwisho akapiga magoti nyuma, akaangalia springi, akacheka bila furaha.

"Nani alikata hizi?"

Sikuwa najua zimekatwa. Alinionyesha: ncha ya juu ilikuwa na alama ya grinda. Mtu alikuwa ameondoa mzunguko mmoja mzima ili gari likae chini, lionekane kali. Springi ikikatwa hivyo gari linashuka, mikono inakaa kwa pembe ambazo hazikukusudiwa, na shoki inafanyia kazi mwisho wa safari yake. Ukiondoka kwa nguvu, nyuma inakaa chini zaidi, inagonga stopa, na hapo hakuna tena kinachomeza mshtuko.

*

Nilimwambia nimeona mtandaoni kwamba dawa ni kuondoa mipira yote na kuweka bushi za poliyurethani, zile ngumu za rangi. Nilitaka aone kwamba nimefanya utafiti.

"Unataka kukaza kila kitu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Halafu mashimo ya Jogoo Road yatapokelewa na nani? Na mgongo wako?"

Akaeleza, na nimelikumbuka somo hilo kuliko mengi ya ukumbini. Mpira upo kwa sababu. Unameza mitetemo ili isifike kwenye bodi, na unaruhusu mkono kujipinda pande ambazo chuma peke yake hakingeweza. Bushi ngumu inazuia kujipinda huko. Mahali pabaya, inang'ang'ana, inapiga kelele kama kitanda cha hosteli, na nguvu zote zinahamia kwenye bolti na bodi. Gari la mashindano tu linaweza kuishi hivyo, kwa sababu linafunguliwa na kukaguliwa kila mara. La kwenda kazini haliwezi. Kwa hivyo ngumu tuliweka mahali pamoja tu, kwenye difu, ambayo kazi yake ni kukaa tuli. Mikono yote ilipata bushi mpya za mpira, springi zikarudi za kiwanda kutoka kwa gari lililovunjwa, shoki mbili mpya, na matairi mawili ya nyuma ya bei ya kati.

Wakati anasukuma bushi kwenye presi alinihadithia kwamba akiwa kijana alikuwa msaidizi kwenye vituo vya Safari Rally, zile za Pasaka. Ford Escort ndizo alizozipenda. Ni Escort iliyompa Hannu Mikkola ushindi mwaka 1972, mgeni wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda Safari, na Escort tena ilishinda 1977 na Björn Waldegård. Muundo wa Escort wa nyuma ulikuwa ekseli moja nzima juu ya springi za mabamba, kama pikapu. Nguvu ikija, ekseli inajizungusha, mabamba yanajipinda kama herufi S, kisha yanajirudisha. Dawa ya siku hizo ilikuwa kufunga vyuma viwili vya kuzuia ekseli isijizungushe.

"Kwa hivyo ugonjwa ni wa zamani," nikasema.

"Ugonjwa ni ule ule. Kuna kitu kimelegea mahali, na mtu ana haraka."

Hesabu ya bushi zote, pamoja na presi, ilikuwa 11,500. Shoki, springi na matairi vilipandisha jumla, na nililipa kwa awamu miezi minne, nikimwandikia Mzee pia risiti zake na kumpangia spea kwenye simu. Lakini ile nambari ya kwanza ndiyo inayonirudia usiku. Kama ningeanza na bushi za 11,500, na kama ningeachia mafuta sekunde ile ya kwanza, nisingenunua shafti wala difu.

Tuliijaribu kwenye barabara iliyolowa nyuma ya magodauni. Mzee alikaa kando. "Usiachie klachi kama umeumwa na nyoka. Iachie kama unampa mtu mtoto ashike." Nikaenda 3,500 badala ya 6,000, nikaiachia hivyo. Matairi yaliteleza kidogo, nyuma ikakaa, gari likaenda. Kimya. Nikajaribu tena kwa nguvu zaidi. Mdundo mmoja mdogo, ukajifia wenyewe. Mzee alikuwa tayari anaangalia nje ya dirisha, anafikiria chakula cha mchana.

*

Kaka nilimpigia jioni hiyo. Ningependa kusema nilikuwa jasiri, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimetumia muhula mzima kuficha shafti, na kila nilichofanya kuificha kilivunja kitu kingine: karo, simu, mitihani, usingizi. Karo ilikuwa kilichovunjika. Kilichovunja ni kwamba niliogopa simu moja ya dakika tano.

Nilimwambia yote bila kupumzika. Athi River. Klachi. Pesa. Kadi ya mtihani. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya lori linalonguruma na watu wakizungumza Kihindi. Alinyamaza muda mrefu nikadhani laini imekatika.

"Ungeniambia siku ile ile," alisema hatimaye.

"Najua."

"Ningekutukana. Halafu ningetuma za shafti. Karo ingebaki karo."

"Najua, bro."

Akanyamaza tena. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu anayetaka kujua lakini hataki kuonekana anauliza:

"Na huyo Mzee... aliangalia springi?"

"Aliangalia."

"Alisema nini?"

"Aliuliza nani alizikata."

Nilisikia akipumua. "Zilikatwa garage moja kule Ngara. Nilikaa hapo nikiangalia grinda ikifanya kazi. Tangu siku hiyo gari lilikuwa linadunda nikiondoka haraka. Nilijua. Ndiyo maana nilikuambia usivuke petroli stesheni."

Sijarudi chuo. Tunalizungumzia, mimi na yeye, kila mwisho wa mwezi, na bado sijui jibu. Naandika, wiki nyingine naenda Grogan kusaidia, na deni la zile programu limebaki moja.

Desemba kaka alikuja. Siku ya tatu aliniomba nimpeleke kwa Mzee, eti amshukuru. Tulifika, wakasalimiana, kaka akashika mkono wake kwa mikono miwili. Zile springi za zamani zilikuwa bado kwenye kona, juu ya matairi ya mwaka 2012. Mzee alimtazama kaka, akazitazama springi, akamtazama kaka tena.

"Kumbe ni wewe," alisema, akavuta benchi tukae.